Kipande cha Shahidi

Gertruda anaapa kwa kila anayekutana naye kisimani kwamba jirani yake Vitalia aliwafukuza wataalamu kwa jembe, wakakimbilia gari na kiatu kimoja kikabaki kwenye tope. Jembe alikuwa nalo, kweli. Lakini lilikuwa begani, kavu, na hakuna aliyekimbia.

Mwaka ule mbolea ya serikali ilikoma, ya dukani haikushikika. Ndipo wakaja hao wawili, gari moja, mradi mmoja: Bwana Tarsisi, mtaalamu wa udongo, na Dada Restituta, wa mila. Walitaka kujua ngoro, yale mashimo ya mteremkoni ambayo Wamatengo hufukia majani kwenye kingo zake.

Vitalia, mjane, alikuwa na kipande cha juu alichopewa na shemeji yake, Erasmo. Erasmo alishakata majani na kuyapanga, kazi ya mwanamume. Kuchimba ni kwa mwanamke. "Kisipochimbwa msimu huu," Erasmo alimwonya, "kinarudi kwa wenyewe, ukoo."

Tarsisi akakizungushia kamba. "Hiki ni shahidi wetu, mama. Tuone majani yasipofukiwa inakuwaje. Usikiguse mpaka nirudi kupima."

"Utarudi kabla ya kupanda maharage?"

"Kabla kabisa."

Akateremka Mbamba Bay, ziwani, kupima udongo wa ufukweni. Mvua ya Machi haikumngoja.

Restituta alibaki, akalala kwa Vitalia, akachimba naye kipande cha chini mpaka viganja vikatoka malengelenge. "Kile cha juu mbona hukilimi?"

"Cha shahidi, dada. Hakiguswi."

Restituta akainamisha kichwa kwa heshima. Aliwafikiria mashahidi wa imani, wale waliouawa na wanaotajwa kwenye misa. Hata mvua ilipoanza kupungua, na Vitalia akamuuliza, "Kwani nikikichimba tu itakuwa vibaya?" alimshika mkono. "Usivunje jambo lenu kwa ajili yetu, mama. Sisi wapita njia."

Vitalia akaona wataalamu wamekubaliana. Akaliegemeza jembe ukutani.

Tarsisi alirudi maharage ya majirani yakitoa maua. Pale pale kwenye kamba, ukingo wa chini wa kipande, ndipo jambo lilipofumuka: Restituta alimwonya asikanyage ardhi ya shahidi wa imani.

"Shahidi gani tena aliyeuawa huku?" Tarsisi akacheka mpaka akashika kigingi. Restituta naye akacheka, machozi yakamtoka. Kisha kicheko kikawaishia vibaya.

"Ungeniuliza," alisema Tarsisi.

"Ungeniambia! Tumebanana gari moja tangu Songea."

"Nikianza udongo wewe unasinzia."

"Na wewe, mimi nikiongea na watu, unaita umbea."

Vitalia hakucheka. "Shemeji alipita asubuhi," alisema. "Kipande amekichukua. Anasema mimi mvivu, nimemdharau yeye na majani yake."

Akanyoosha kidole mteremkoni.

"Yupo pale juu. Twendeni, nyote wawili. Mkamwambie ni ninyi mliolizuia jembe langu."

Tarsisi akamtazama mwenzake. "Mambo ya ukoo ni yako."

"Kamba ni yako."

Juu mteremkoni, ukingo wa pili wa kipande, Erasmo alikuwa ameanza kung'oa vigingi. Aliizungusha kamba kati ya kiganja na kiwiko, taratibu, kamba nzuri, ya kufungia mbuzi.

Vitalia akalihamisha jembe kwenye bega la pili.

"Tunakwenda?"