Symphorien Chini ya Bango Letu

Kila tarehe nane Machi, wanawake wa mtaa wetu hapa Kampemba huandamana kwa makundi ya kazi: wauguzi na bango lao, walimu na lao, na nyuma kabisa sisi akina mama wa nyumbani, chini ya bango lililoandikwa MÉNAGÈRES. Mimi Séphora ndiye kiongozi wa kundi, na cheo hicho sikupewa kwa upole.

Mwaka huu jirani yangu Symphorien aliniomba nafasi ya kuandamana nasi. Tangu kiwanda chao kifungwe, yeye ndiye anayelea watoto na kusonga bukari, ugali wetu, huku mkewe Benita akifuata samaki wakavu huko Pweto, ziwani. Nilimcheka. Nikamwambia sisi tuna kazi ya nyumba, yeye anangoja kazi tu. Akarudi kwenye beseni lake la nguo.

Siku mbili baadaye akaja karani kuorodhesha wakazi. Alimkuta Symphorien anafua, mtoto mgongoni, sufuria ya maharage ikichemka. Akamuuliza kazi yake.

"Siko na kazi, papa."

Karani akaandika, kisha akanigeukia mimi niliyekuwa kizingitini kwangu. Nikafungua kinywa nimjibu kama nilivyowajibu makarani wote kwa miaka ishirini na miwili: sina kazi, niko nyumbani tu. Kumbe ni jibu lilelile la Symphorien. Niliona aibu, halafu hasira zikanipanda.

"Andika ménagère," nikasema. "Na ya Symphorien futa, andika vilevile."

"Ile ni ya bamama, haiko ya banaume," karani akasema.

Nikavuka, nikamsogezea beseni la Symphorien. "Basi ingia, ufule hizi nguo. Ukimaliza, njo utatuambia kama haiko kazi."

Karani alitazama lile rundo la nepi, akafuta haraka. Symphorien alicheka mpaka mtoto akaamka. Nami nikamwomba radhi palepale, jambo ambalo mume wangu bado analisubiri.

Siku ya maandamano Symphorien alivaa shati la kitenge chetu, mtoto mgongoni, na bango nikampa alishike yeye. Benita, aliyeteremka kwenye lori asubuhi ileile, alikuwa kando ya barabara akipiga vigelegele, ananuka samaki tupu. Furaha ilinijaa hadi nikasahau miguu inaniuma.

Karibu na soko, kijana mmoja akamwita kwa dhihaka, eti amwambie anakofanya kazi. "Papa, unatumikaka wapi?"

Symphorien akainua bango juu zaidi.

"Kwangu," akasema, akaendelea kutembea.