Siku Sindano Alipoingiza Tela Bandani

Shule ya binti yangu ilipokubaliana na chuo cha kilimo, wazazi tuliitwa. Mwalimu mkuu akaeleza: wanafunzi watakaopenda watakwenda chuoni kila Jumatano na Alhamisi kujifunza mifugo, vitalu vya miche na mitambo ya shambani. Siku nyingine watabaki darasani na masomo yao. Mwishoni watapata cheti.

Mume wangu, dereva wa lori kwa miaka ishirini na miwili, alinuna njia nzima ya kurudi.

"Pale shuleni anayechelewa hupewa jembe," alisema. "Mtoto wangu hajachelewa hata siku moja. Leo nimpeleke kwenye jembe kwa hiari yangu?"

"Si jembe, Baba," binti, aliyekuwa anarudi nasi, akajibu kwa adabu. "Ni trekta."

Nyumbani tunamwita Sindano, kwa wembamba wake. Fomu niliisaini mimi. Ovaroli ndogo kuliko zote ya chuo ilimmeza mpaka vidole, na kwa kuwa mimi ni fundi cherehani, niliifumua nikaishona upya.

Mwanzo alirudi na stori za ndama na miche. Wiki ya sita akarudi kimya, suruali imelowa hadi magotini. Nikambana mpaka akasema. Alikuwa akirudisha nyuma trekta lenye tela. Tela likapinda, likang'oa bomba la maji la kitalu, na miche ya nyanya ikaogelea. Wenzake walicheka mpaka wakashika mbavu.

"Sirudi tena, Mama. Nikikata usukani kulia, tela linakwenda kushoto. Lina wazimu lile."

Mume wangu alikuwa anakula, ametugeuzia mgongo. Nikaona kijiko kimesimama hewani. Alijizuia, jamani, nilimwona anavyojizuia! Mwishowe uzalendo ukamshinda. Akasogeza sahani, akachukua kiberiti na kopo langu la vifungo, akaviunganisha kwa uzi mgumu.

"Halina wazimu. Njoo. Kiberiti ndiyo trekta, kopo ndiyo tela. Ukitaka tela liende kulia, anza kwa kukata kushoto, kidogo tu, halafu lifuate. Na likikunjika?"

"Nalazimisha?"

"Ukilazimisha umekwisha. Simama. Songa mbele linyooke, anza upya. Wala hakuna aibu."

Tangu hapo meza yangu ya kukatia nguo ikawa barabara. Nilikuwa naomba ruhusa kuweka kitambaa. Na Jumatano iliyofuata Sindano akavaa ovaroli yake, akaenda.

Siku ya wazazi tulisimama kwenye uwanja wa chuo. Mkufunzi wa mitambo, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kushindana na injini, alisimika vigingi viwili mbele ya banda. Kila mwanafunzi aingize tela la samadi bandani kinyumenyume, likipita katikati yake. Wa kwanza akagusa kigingi. Wa pili akakilaza chini kabisa.

Zamu ya Sindano ikafika. Alipokuwa nusu ya njia, tela likaanza kukunjika. Akasimama.

"Kashindwa huyo," mzazi mmoja nyuma yetu akasema.

Mume wangu akageuka. "Subiri, ndugu yangu. Dereva anajulikana hapo."

Sindano akasonga mbele kidogo, tela likanyooka. Akageuza shingo, akalirudisha taratibu, taratibu, mpaka likabakiza kiganja kimoja kufika ukutani. Vigingi havikutikisika. Mkufunzi alivua kofia yake. Mimi vigelegele vilinitoka hata sikujua vimeanzia wapi.

"Mimi hilo lilinichukua miaka mitatu," mume wangu akasema polepole. Kisha akakata uwanja moja kwa moja hadi kwa mkufunzi. "Mwalimu, huyu ni wangu."

"Nilidhani ni wa mama peke yake," mkufunzi akamtania. "Kwenye fomu sikuona saini yako."

"Kalamu ilikuwa moja," akajibu, na Sindano akacheka mpaka akakaa kwenye tairi.

Njiani kurudi, binti yetu alitembea na kandambili, amechoka. Buti zake zilizojaa samadi alizibeba baba yake. Nilimpa mfuko azitie, akaukataa. Kila tuliyekutana naye alipouliza ile harufu ni ya nini, mume wangu alisimama, akaziinua juu, akaanza kusimulia upya.