Kilo Kumi na Tisa za Redio

Mizani ya ghala la chakula cha mifugo ni bamba la chuma lililolala sawa na sakafu, na kila Jumanne saa nne asubuhi, baada ya gari la pumba na kabla ya gari la mashudu, alipimwa Fundi, mama mshona nguo. Hospitali ndiyo iliyomtuma huko. Mizani ya hospitali inaishia kilo mia na ishirini, na siku Fundi alipoikanyaga, mshale ulienda mpaka mwisho ukabaki hapo unatetemeka. Muuguzi akamwomba ashuke taratibu, akamwandikia karatasi: apimwe ghalani, alete jibu.

Kwa hiyo akawa anasukumwa kwenye kiti cha magurudumu cha kuazima, gurudumu moja linalia kama kifaranga, wapagazi wanavuta magunia pembeni wampishe. Mama wa Mizani, mwenye kalamu sikioni na miwani iliyoshikizwa kwa uzi, anampima pamoja na kiti, anatoa uzito wa kiti, anaandika stakabadhi. Stakabadhi ina safu nne: Pumba, Mashudu, Chokaa na Mengineyo. Fundi aliandikwa Mengineyo. Hakukuwa na dharau yoyote, ni kwamba safu ya tano haikuwepo.

Anayemsukuma ni bintiye, na bintiye jina lake mtaani ni Redio. Habari ikiingia kwake asubuhi, mchana inajulikana mpaka kwa watu ambao haiwahusu. Alikuwa mwaka wa pili chuoni, anasomea lishe, na kila alipofika nyumbani alianza kuongea kabla hajavua viatu: nani kafukuzwa bweni, nani kachumbiwa na nani kakataa. Fundi anacheka huku anashona sare za shule, mguu wa kulia umenyooshwa juu ya stuli kwa sababu goti lake lilikuwa limekwisha, mfupa unasaga mfupa. Juu ya goti kulikuwa na presha, na juu ya presha kulikuwa na sukari. Daktari alisema goti litapasuliwa akishuka chini ya kilo mia na ishirini, maana kitanda cha chumba cha upasuaji kinanyanyuka kwa umeme na uzito ukizidi hapo kinagoma. Ili apungue, atembee sana. Fundi akawaambia wateja wake, "Nimeambiwa nikimbie ili nipewe miguu."

Lakini alijitahidi kweli. Sukari aliacha siku moja, kama mtu anayeacha kuongea na mtu. Sahani ikawa nusu. Chupa mbili za maji zilikaa kando ya cherehani, na kila akimaliza kaptula moja anazinyanyua juu mara ishirini, jasho linamtiririka, halafu anachukua kaptula nyingine. Redio alimchorea chati ya rangi ukutani. Chati ilikuwa nzuri, ilimpatia alama za juu darasani. Kwenye zoezi aliandika ni ya mgonjwa fulani.

Maana kuna habari moja ambayo Redio hakuwahi kuitangaza popote. Akiwa kidato cha pili, siku ya wazazi, benchi lilivunjika. Watu watatu walikuwa wamekalia, lakini uwanja mzima ulimtazama Fundi peke yake. Wenzake wakamwuliza yule mama ni nani, akasema ni jirani yetu tu, mama yangu kasafiri. Alipogeuka Fundi alikuwa nyuma yake, anajipangusa vumbi. Fundi akamtazama, akawatazama wenzake, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mama akirudi safari umsalimie." Akaenda kupanda gari peke yake. Jioni walikula pamoja, wakaongelea mambo ya sare. Hawakulirudia jambo hilo hata siku moja, na tangu hapo wakitoka pamoja Redio anatangulia hatua kumi. Kiti cha magurudumu ndicho kilichomlazimisha arudi nyuma.

Sasa, Jumanne moja simu ya Redio ililia wakiwa kwenye mizani. Fundi alikuwa na kilo mia na thelathini na moja, wiki ya tatu mfululizo, na Redio alikuwa amenuna. Akatoka nje kupokea. Mama wa Mizani akainama, akafuta kioo kwa leso, akasoma tena. Mia na kumi na mbili.

Akamwita Redio arudi ndani. Ikapanda, mia na thelathini na moja. Akamwambia ageuke atazame gari la mashudu. Ikashuka.

"Ni jicho lako, binti," akasema, akachomoa kalamu sikioni. "Hata magunia yako hivyo. Kuna mteja wangu akikodolea pumba zake zinaongezeka, tunamwomba asubiri nje."

Wakahakikisha, kwa sababu Mama wa Mizani hapendi kuandika kitu ambacho hajakihakikisha. Wapagazi waliletwa mmoja mmoja wamtazame Fundi: nusu kilo, nusu kilo, mwingine robo, yule mcheshi wao kilo nzima, akaomba radhi. Dereva wa mashudu hakuongeza kitu, ana mke mwenye mguu kama ule. Redio kilo kumi na tisa. Stakabadhi ikaandikwa hivi: Mengineyo, 112. Na chini yake: Binti, 19.

Fundi aliikunja mara nne akaitia kwenye pochi. Njia nzima gurudumu ndilo lililoongea. Redio alitaka kulia akaona kulia barabarani kutafanya watu watazame, na kutazamwa ndiyo taabu yenyewe.

Daktari aliisoma ile stakabadhi bila kuinua nyusi. Alisema uzito wa jicho anaufahamu, wagonjwa wengi wanao, ila mara nyingi ni la mume. Fundi kwa uzito wake mwenyewe anafaa. Atampa tarehe baada ya miezi mitatu, sukari itulie, na binti abaki nyumbani siku hiyo.

Fundi akakataa. Ni mtu asiyekataa kitu, hata mteja akileta kitambaa kifupi anatafuta namna, lakini hilo alikataa. Alisema hawezi kulazwa usingizi wa dawa na watu asiowajua. Anataka mwanawe amshike mkono mpaka usingizi umchukue, wakati mwingine watu hawaamki. Bila hivyo goti libaki kama lilivyo. Daktari akasema basi jicho la binti lipungue, akaandika kwenye faili: mgonjwa aendelee na mlo, binti aendelee na mazoezi.

Ndipo Redio naye akaanza kupungua. Kila Jumanne Fundi anakaa kwenye bamba, Redio anasimama kwenye alama ya chaki, anamtazama, na Mama wa Mizani anasoma. Siku ya kwanza alijaribu kumhurumia mama yake, ikapanda hadi ishirini na nne. Mama wa Mizani akamwambia huruma aiache, hiyo ndiyo nzito kuliko zote, imeshamvunjia bamba moja. Akajaribu kumwona mrembo, mizani haikudanganyika. Akajaribu kukumbuka alivyobebwa mgongoni akiwa na homa, mama anapanda ngazi na magoti yakiwa bado mazima, ikashuka hadi kumi na saba. Wiki nyingine alimwangalia vidole tu, namna anavyotunga uzi bila kutazama, ikashuka kumi na tano. Lakini wapagazi wakipita wanacheka mambo yao, inarudi kumi na tisa papo hapo, kama mbwa aliyeitwa na mwenyewe. Redio anainamisha kichwa. Fundi anamwambia hata yeye kuna wiki hapungui, asikate tamaa, anywe maji.

Hilo la kutiwa moyo na mama lilimuuma kuliko lile la kuandikwa kwenye stakabadhi.

Wiki ya mwisho Fundi peke yake alikuwa mia na nne. Na Redio, ghala likiwa kimya, mia na kumi na tisa. Mama wa Mizani akapiga mhuri mara mbili, akampa Fundi mkono, akampa na Redio. Usiku ule Redio aliongea mpaka mama akasinzia: atavaa gauni la kijani la hospitali, atamshika mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia utakuwa na dripu, atamhadithia habari za chuo mpaka dawa imchukue.

Asubuhi wakaingia. Chumba kilikuwa baridi, taa kubwa kama sinia. Fundi akalazwa kitandani, Redio akamshika mkono wa kushoto. Muuguzi mkuu akabonyeza kitufe na kitanda kikaanza kupanda bila tatizo. Ndipo mlango ukafunguka akaingia mwanafunzi wa uuguzi aliyekuja kujifunza kwa vitendo, amebeba trei, na Redio akamtambua juu ya barakoa kwa macho tu. Anakaa naye meza moja chuoni kila mchana.

"He, Redio," yule mwenzake akasema. "Unafanya nini huku?"

Redio alimtazama mama yake mara moja tu, kama mtu anayehakikisha kama mlango umefungwa. Kitanda kikasimama nusu ya safari, kikapiga kelele pii, pii, pii. Kioo cha kitanda kikaandika mia na ishirini na tatu. Muuguzi mkuu akabonyeza tena, kikagoma. Akasema bila ukali wowote kwamba ndugu wa mgonjwa atoke, daktari ana watu wengine wawili wanasubiri, na kama mgonjwa hataki hivyo wamshushe, watampangia mwaka ujao.

Mkono wa Fundi ulikuwa umemshika Redio kwa nguvu, nguvu za mtu wa cherehani. Redio alisubiri mdomo wake mwenyewe uongee. Mdomo uliosambaza habari za mtaa mzima ulikaa kimya. Kitanda kinalia.

"Huyo si ndugu," Fundi akasema. "Ni jirani yetu tu."

Kelele zikakoma. Kioo kikashuka kilo moja baada ya nyingine bila haraka, kikatulia kwenye mia na tano, na kitanda kikapanda mpaka juu. Muuguzi mkuu akasema vizuri, jirani anaruhusiwa. Mwenzake wa chuo akaweka trei mezani na kumpa Redio tabasamu, macho yalionyesha. Redio akaanza kuhadithia habari za bweni kwa sauti iliyokauka, na Fundi akamsikiliza mpaka habari ya tatu, halafu vidole vikalegea kimoja kimoja.

Redio alikaa kwenye benchi la nje kwa muda wa saa nne na nusu. Mlango ulipofunguliwa wakamwita jirani wa mgonjwa, na Redio akasimama akasema ni mimi. Kwenye fomu, mahali pa uhusiano, akaandika jirani, akatia sahihi. Mwandiko ulikuwa mzuri.

Goti lilipona vizuri. Daktari aliandika kwamba kwa miezi sita ya mwanzo lisibebe zaidi ya kilo mia na kumi, kwa hiyo maelekezo ni yaleyale, yule jirani aendelee kuwa jirani. Nyumbani wakazoea. Asubuhi Fundi anasema, "Jirani, nisaidie soksi," na Redio anamvalisha. Kiti cha magurudumu kikarudishwa kwa mwenyewe. Fundi akafika mia na mbili na akashona kwa mguu ulioshuka kwenye stuli.

Mwenzake wa chuo akapangiwa kumbadilishia Fundi bandeji nyumbani, mara mbili kwa wiki. Alikuja mchana, akamkuta Redio anakunja sare. Akamwambia Fundi kwamba binti huyu ana moyo, maana siku hizi nani anamhangaikia jirani hivi, wengine hata mama zao wanawaonea aibu. Alisema kwa nia safi kabisa. Akasema chuoni ameshawahadithia wote, na wote wamempenda zaidi.

Fundi alikuwa ameshakaa tayari, sindano tatu ameshikiza kifuani. Akamtazama Redio, akauliza ni saa ngapi.

"Saa nane," akasema Redio.

"Basi nenda kwenu, mwanangu, usije ukatafutwa. Umsalimie mama."

"Zimefika," akasema Redio.

Akavaa viatu vyake vilivyokuwa mlangoni kati ya viatu vya mama yake, akatoka. Alizunguka nyumba za mtaa wao mara moja, wakamsalimia akaitikia, wakamwuliza habari akasema hakuna. Alipomaliza mzunguko, mwenzake alikuwa bado yuko ndani. Redio akakaa kwenye jiwe la kuanikia viatu, chini ya dirisha lao, mgongo ukutani.

Kutoka ndani akasikia mwenzake anasema haya, leo bila kushika meza. Halafu fimbo ikagonga sakafu, na mguu ukafuata, na fimbo tena. Redio alihesabu kwa vidole. Hatua ya tisa ilifika dirishani kabisa, juu ya kichwa chake. Akasikia mama anahema, na pazia likivutwa. Hakuinua uso. Aliendelea kutazama barabara mpaka fimbo ikageuka, ikaanza kurudi.