Uso Uliobaki kwa Vestine

“Dada, kesho ukienda ku biro, uso yako utaiacha kwa nani?” Ndivyo jirani yake Vestine alivyomuuliza Drocella siku moja ya mwaka 1953, huko Kashuga, huku akichambua maharagwe.

Lilikuwa swali la haki. Safari ya kwanza Drocella alikwenda biro, yaani ofisi ya serikali, na uso wake kumweleza karani kwamba shamba la marehemu mume wake alilipalilia mwenyewe miaka kumi na minane. Mbonigaba, ndugu wa marehemu, aliyelitaka shamba hilo, akasema kwamba huyu mwanamke ni mvivu tena mchawi. Kila neno lilinata pale lilipoangukia. Drocella akarudi na uso wa mchawi mvivu. Kuku wake walimkimbia, na Jumapili kwenye misa watu wakamwachia benchi nzima. Aliusugua kwa majivu siku tatu.

“Nitaiacha kwako,” akajibu. “Ila watoto wasiichezee.”

“Nitaifunika na jani ya ndizi. Nikipika, niionjeshe?”

“Onjesha. Chumvi kidogo.”

Asubuhi aliuvua, akaulaza katika ungo wa Vestine, akafanya ishara ya msalaba, akashika njia.

Karani alimtazama. “Mama, uko bila uso.”

“Iko kwa jirani, Papa karani.”

“Na mimi nitajua namna gani kama ni wewe?”

“Uliza.”

Karani akauliza. Drocella akataja mipaka yote minne, na kila mti alioung’oa. Mbonigaba akarudia maneno yake ya kwanza, akaongeza mengine aliyoyatafuta njiani. Yakakosa pa kunata, yakaanguka sakafuni, na mfagiaji akayazoa pamoja na vumbi la siku ile. Karani akasema mama amejieleza vizuri sana. Kisha akaandika shamba kwa Mbonigaba, maana buku lake halikuwa na mahali pa kuandika mwanamke.

Jioni Vestine akamrudishia uso. Ulikuwa safi, una joto, na ulishakula viazi. Drocella akauvaa, akapiga magoti, akamshukuru Mungu kwa ajili ya jirani, kisha kwa kila kitu kisichochukuliwa, kimoja kimoja, mpaka chakula kikapoa.

Siku ya tatu Mbonigaba akaja. Desturi ilitaka mjane ampe kasiksi, ile pombe ya ndizi, kwa mkono wake, mbele ya jirani. Asipoinywa, ukoo hautasema kwamba shamba limepokewa kwa amani. Drocella alikuwa ameitengeneza vizuri. Akamimina katika kibuyu chenye mrija, akampa kwa mikono miwili.

Mbonigaba akashika mrija, akauachia.

“Shemeki, weka uso pembeni kidogo.”

“Kwa nini?”

“Nikunywe kwanza.”

Vestine akacheka. “Ku biro ulikuwa unaisema sana, Papa. Leo inakuziba koo?”

“Shamba iko kwako, shemeki,” Drocella akasema polepole. “Karani ameandika. Kesho bibi yako atalima. Kunywa. Lakini mimi njo huyu, mwenye uso hii, na nitakaa hapa.”

Akakaa. Ulikuwa uso ule ule uliompokea Mbonigaba mlangoni tangu siku ya harusi, na haukuwa na hasira.

Mbonigaba akaweka kibuyu chini, kimejaa, akachukua kofia yake, akatoka.