Kitenzi Kilichorukwa

Jumatano, tarehe kumi na tano Januari. Manyunyu yalianguka kwa uvivu tangu alfajiri, na madirisha ya ofisi ya walimu yalijaa ukungu. Ndani, mwalimu wa darasa la tatu, aliyepachikwa jina Babu Mpya, alikaa wima kama mtahiniwa. Mvi zilimtangulia kazini: alisoma masomo ya jioni miaka tisa, akapata cheti akiwa na wajukuu wawili, na sasa alikuwa kwenye majaribio. Azimio lake la kazi, mpango wa vipindi vya mada ya urefu, lilikwisha kurudishwa mara mbili. Lingerudi mara ya tatu, darasa lingepewa mwalimu wa sayansi.

Mwalimu wa taaluma, dada mwenye umri wa binti yake, alilisoma akitafuna kalamu.

"Mwandiko mzuri, baba. Vipindi kumi na viwili, vyote kupima. Dawati, mlango, mpaka mguu wa mwalimu mkuu."

"Wa mwalimu mkuu niliomba ruhusa."

Mwalimu wa sayansi nusura amwage chai. "Na Mungu, mzee, ulimwomba?"

"Tangu saa kumi usiku."

"Basi amekujibu. Kakuletea dada huyu."

Dada akafungua mtaala, akaweka kidole. "Nisomee umahiri wenyewe. Polepole."

Babu Mpya akavaa miwani. "Mwanafunzi akadirie urefu wa vitu, kisha athibitishe kwa kupima."

"Vitenzi vingapi?"

"Viwili."

"Wewe umepanga kufundisha vingapi?"

Babu Mpya akauinamia mtaala. Kitenzi cha kwanza alikisoma mara nyingi, na kila mara akakipita upesi, kama mtu apitaye nyumba yenye mbwa mkali.

"Haya. Meza hii ina urefu gani?"

Mkono wake ukaenda mfukoni kutafuta futi kamba.

"Acha hiyo, baba. Kwa jicho."

Miaka yote tisa hakuwahi kujibu swali asilokuwa na hakika nalo. Mtu mzima akikosea mbele za watu, aliamini, hujidhalilisha mara mbili.

"Mita nne," akasema, huku akisali kimoyomoyo.

Mwalimu wa sayansi akapima. "Mbili na nusu. Mzee kaunganisha na kitanda chake."

Ofisi nzima ikacheka. Yeye mwenyewe, bila kutarajia, akacheka kuwashinda.

"Sasa niambie," dada akasema, "wiki ya mwisho mtoto atafanya nini mbele yako, hata useme huyu ameweza? Anza na hilo. Vipindi vitafuata."

Babu Mpya akachukua karatasi safi, akaandika chini kabisa: *Kila mtoto akadirie kitu asichowahi kukipima, aeleze alivyofikiri, kisha apime.* Kutoka hapo akapanda juu: kulinganisha, hatua, shibiri. Vipindi saba vya kupima akavifuta, kila kimoja kikimuuma kama jino.

Dada akasoma, akapiga muhuri. "Limepita. Ila watoto wataogopa kukosea. Utawafanyaje?"

Mzee akasimama, akavua miwani.

"Walimu wenzangu, nyinyi ni mashahidi. Jumatatu nitakadiria urefu wa darasa kabla mtoto yeyote hajafungua mdomo. Nikikosea, kosa langu nitaliandika ubaoni, na halitafutwa mpaka kengele ilie. Mungu anisaidie."