Kisiwa cha Kina Mpishi

Mpishi alikuwa anamenya nanasi, nyonga ameibana kwenye ukingo wa sinki ili boti isimbwage, aliposikia sauti ya mama yake ikiingia dirishani.

"We mtoto, mbona umekonda hivyo?"

Akachungulia. Kisiwa cha kwao kilikuwa kinakuja nyuma ya boti, mwendo wa mtu anayekwenda sokoni bila haraka, na mama yake amesimama ufukweni, mjukuu kiunoni.

"Sijakonda, mama. Ni hili gauni."

"Gauni gani! Mashavu yote yamekwenda!"

Boti hiyo ya matanga ilikuwa ya Bosi na mkewe, waliokuwa wakizungusha wageni wao visiwani, leo hapa kesho pale, popote maji yalipopendeza. Asubuhi ile walikuwa wamekipita kisiwa hicho bila kutia nanga. Mpishi aliomba ashuke kidogo amwone mwanawe, aliyemwacha ananyonya na sasa anasimama kwa kushika viti. Bosi alimjibu kwa upole, maana ni mtu mpole, kwamba ratiba imebana, labda safari ijayo. Habari zilimfikia mama mtu kabla boti haijamaliza kukata kona, kwa sababu pale kwao habari hazikai. Mama mtu akafunga mlango wa jiko, akasema na majirani, kisiwa kikang'oka.

Si wote walioridhika. Mwalimu mkuu alilalamika kwamba jua sasa linapiga ubaoni na watoto hawaoni kitu. Wenye nguo kambani wao walishukuru, zilikauka upesi. Akina mama wakahamishia viti ufukweni, wakawa wanamwuliza mpishi kwa sauti kama huyo nahodha ameoa.

"Nimeoa!" nahodha akajibu.

"Wewe nani kakuuliza? Shika usukani!"

Kesho yake Bosi alitoka na kikombe cha kahawa, akakitazama kisiwa.

"Kinanizibia upepo," akamwambia nahodha.

"Ni cha kina mpishi, Bosi."

"Basi amwambie mama yake arudi nyuma kidogo."

Mpishi akatoa kichwa dirishani, akafikisha ujumbe.

"Mwambie akuache ushuke," mama yake akasema, "nasi tutarudi mpaka tulikotoka. Huyu mtoto leo au kesho anatembea. Shauri yako, utamkuta anakimbia!"

Bosi aliposikia alifikiri sana, akasema mama ni mama. Lakini wageni wakishikwa na njaa? Mkewe ndiye aliyepata ufumbuzi. Kwa kuwa kisiwa chenyewe kimeshakuja, tena bila kuitwa, wageni wakakitembelee.

Baada ya chakula cha mchana wakashushwa kwa boti ndogo ya mpira. Mpishi alibaki, kwa sababu watu wakitoka matembezini hurudi na njaa. Kuogelea alijua, ila kazi ingeishia hapohapo majini, na kazi ndiyo iliyokuwa ikimlisha mtoto. Akakata vitunguu huku akisikiliza kelele za kwao: viti vinaburutwa, kuku wanafukuzwa, mama yake anakaribisha watu.

"Piteni ndani, jamani! Msisimame mlangoni kama wasoma mita!"

Walirudi wamechangamka, viatu mkononi. Mgeni mmoja, mama mwenye kofia pana, akaingia mpaka jikoni, jambo ambalo wageni hawafanyi, akamshika mpishi bega.

"Mama yako mkarimu kweli! Kasema ule ushibe. Halafu mtoto wako katembea!"

"Katembea?"

"Mbele yetu sote, mara ya kwanza! Kaachia kiti, kaja moja kwa moja mpaka kwangu. Nikamdaka hivi." Akaonyesha alivyomdaka.

Mpishi akaitazama ile mikono. Akauliza kama mtoto alianza na mguu wa kulia au wa kushoto.

Mgeni akafikiri, akakiri kwamba hakumbuki, kelele zilikuwa nyingi.

"Lakini usijali, mpenzi," akasema. "Bosi amekubali kisiwa tuende nacho mpaka mwisho wa safari. Kesho tunashuka tena. Nitamwangalia vizuri, nije nikwambie."

Mpishi akamshukuru, akapakua chakula.