Nafasi Mbele ya Macho

Shemeji alikuja studio mchana, akaketi kwenye kiti cha wateja bila kukaribishwa. Ni mdogo wake marehemu mke wangu, na tangu mazishi hakuwahi kukanyaga kwangu.

"Mama anataka picha ya dada, aitundike ukutani," alisema. "Ila awe katikati. Ile yako amekaa pembeni kama mgeni aliyechelewa."

Mtu anayetazama kushoto humwekei ukuta usoni. Unamwachia nafasi mbele ya macho, apate kupumua. Ndivyo ninavyopanga picha tangu ujana wangu, na ndiyo maana mke wangu yuko kulia, anacheka, na mbele yake ni uwanja mtupu.

Mtupu kwa asiyejua. Pale chini, kwenye mchanga, kimelala kivuli changu. Siku ile nililipa jua kisogo, nikajisahau, fundi mzima nikajipiga kivuli. Mke wangu alikiona kabla yangu, akanyamaza makusudi, akasubiri nibonyeze. Nilipotaka kuitupa picha aliinyakua. "Iache, bwana! Angalau hapa na wewe umo." Alisema kweli. Miaka yote mimi ndiye niliyeshika kamera, na picha nyingine ya sisi wawili haipo.

"Hiyo nafasi ikate," shemeji alisisitiza. "Nani anataka kutazama mchanga?"

Nilitaka kumwonyesha, nikaona haya. Mtu mzima nigombanie kivuli kwenye ukuta wa wakwe! Nikaikata kwenye kompyuta, nikachapa, nikaitia fremu, nikamkabidhi. Jioni nilikula mkate mkavu nimesimama, redio ikiongea peke yake. Nilimkasirikia shemeji, kisha nikajikasirikia mwenyewe, maana aliyeniondoa pale ni mimi. Upweke wa usiku ule sikuwa na pa kuupeleka.

Wiki haikuisha, akarudi na picha kwapani, imo bado kwenye fremu.

"Mama ameikataa. Eti mwanawe hakuwa chizi wa kuchekea mbao za fremu. Kila akiitazama anauliza, 'Anamcheka nani huyu?' Mimi nimechoka, shemeji."

Nikaitoa ile nzima kwenye droo. Nikampa. Aliisogeza dirishani. Kidole chake kilifuata macho ya dada yake, kikashuka mchangani, kikasimama juu ya kichwa cheusi na viwiko viwili vilivyoinuliwa.

Akageuka kunitazama.

"Shemeji, kumbe huyu ni..."

"Kamwambie mama," nilisema. "Alikuwa ananicheka mimi."